Mshenga Aliyeniposea Kazi

Akiingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, Mshenga wetu huomba maji ya kunywa. Kiu hana. Ataipokea gilasi kwa mikono miwili, ataiinua kidogo kuelekea dirishani kama mtu anayetazama hali ya hewa, atakunywa funda moja, kisha atashukuru kwa maneno matamu mpaka mwenye nyumba ajione amefanya jambo kubwa. Akishafika ngazini ndipo hukumu inapotoka. "Watu wazuri, nyumba nzuri, lakini gilasi zanuka mayai. Mwana wa watu ataingia humu aoshe vyombo mpaka azeeke." Basi posa imekufa hapo ngazini, na wenye nyumba wako juu wanasifu adabu za mgeni wao.

Nimemjua maisha yangu yote na sijapata kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Wakubwa walimwita Mshenga, wadogo tulimwita Bi Mshenga, na wasichana wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, tulikuwa na jina letu la siri: Yuwaja. Ndilo neno lililotangulia kila alipotokeza kwenye kona. "Yuwaja!" atasema mmoja, na sote tuliokuwa tukicheka barazani tutavuta mitandio, tutateremsha sauti, tutakuwa watu wa peponi. Hakudanganyika hata mara moja. Alikuwa akipita mbele yetu polepole, akituangalia nyuso kama mtu anayechagua mapapai.

Kazi yake ilikuwa kupeleka maneno ya ndoa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwetu muoaji hajipeleki na binti hajisemei. Wanaosema ni watu wazima, na msemaji wao ni mshenga. Binti huulizwa mwisho kabisa, wakati kila kitu kimeshapikwa: "Wakubali?" Naye huinamisha macho na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kukubali kwenyewe, na nyumba hulipuka kwa vigelegele. Nilishayaona haya tangu utotoni, nikiwa nimebanwa katikati ya mapaja ya mashangazi, na nilidhani ndivyo dunia nzima inavyofanya. Yashike haya, maana ndiyo yaliyoniponza.

Ufundi wake ulikuwa katika kusifu. Hakumsifu mtu moja kwa moja, kwa sababu, alisema, kitu kisicho na dosari hakuna anayekiamini. Alikuwa akitafuta aibu moja ndogo na kuitangaza yeye mwenyewe mapema. Alipomposea kijana mmoja wa mtaa wa pili, mvivu ambaye hata nzi alikuwa akifukuziwa na mamake, Mshenga aliingia kwa wenye binti na uso wa msiba. "Sitawaficha," akasema. "Ana miguu mikubwa. Viatu vyake havipatikani madukani." Wazee wa binti walijadili ile miguu juma zima, wengine wakasema ni dalili ya nguvu, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama ilishawahi kutembea ikaenda kazini. Harusi ilifana. Mimi nilikula pilau sahani mbili.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alituhubiria wasichana kunyamaza, na yeye mwenyewe hakunyamaza hata matangani. Alisema hakuna kitu kiitwacho mapenzi, ni njaa tu na hali ya hewa, lakini hakuna ndoa iliyofungwa asilie kitambaa kikalowa. Kisha atapangusa pua na kuuliza nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe. Aliilaani simu kwamba ndiyo iliyoua kazi yake, kwa kuwa vijana sasa wanajuana wenyewe kwa vidole, na yeye alikuwa na simu mbili, moja kwa ajili ya watu na nyingine kwa ajili ya watu waliomchosha kwenye ile ya kwanza.

Uongo aliusema vizuri sana. Siku moja nilimuuliza haogopi dhambi? Akanitazama kwa huruma. "Kweli ni ya kadhi, mwanangu," akasema. "Sisi wengine tuna adabu."

Sasa nijieleze mimi, nilivyoingia mikononi mwake. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kuandika programu za kompyuta, zile kozi za haraka za miezi michache, katika chumba kimoja upande wa Buxton. Tulikaa tumebanana, feni ikipuliza upande mmoja tu, na wa upande wa pili wakijifunza kwa jasho. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kuvaa viatu bila soksi, na kwa kila swali alikuwa na jibu lile lile: mjinadi! Mnajua kazi, mjinadi, mwambie mwajiri kwamba wewe ndiye bora kuliko wote. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kuandika kwamba mimi ndimi bora kuliko wote. Mkono ulikataa. Mtu aliyelelewa na mamangu hawezi kuandika neno kama hilo bila kutazama nyuma kuona nani anasoma.

Hata hivyo niliandika, nikatuma kila mahali, Mombasa, Nairobi, hata nchi ambazo sijui wanakula nini. Walionijibu walinijibu kwamba wamepokea. Baada ya hapo kimya.

Mamangu hakuwa mtu wa kelele. Alisema neno moja tu: mwezi wa Ramadhani ukiandama na mimi sijapata kazi hiyo ya kompyuta, nitakwenda dukani kwa Ami, Biashara Street, maana watu wanapojitayarisha kwa Idi duka hutaka mikono. Ami alishaniwekea kigoda nyuma ya meza ya kanga. Sina ugomvi na kanga, nimezaliwa nikafungwa ndani yake. Lakini nilikijua kile kigoda. Binamu yangu alikikalia "kwa muda tu" alipomaliza shule, na mpaka leo yuko pale pale, amenenepa, anateremsha kanga za rafu ya juu akizirudisha, na ukimuuliza habari ya ndoto zake za urubani anakuonyesha mzigo mpya ulioshuka jana. Niliogopa. Nilikuwa nalala na ule woga na kuamka nao, na kila jioni nilitazama mwezi kama mtu anayeviziwa.

Mshenga alikuja kwetu alasiri moja, akaomba maji kwa mazoea tu, maana gilasi zetu alishazihukumu zamani. Akanikuta nimeinamia kompyuta.

"Mwana huyu yuwaandika nini tangu asubuhi?" akamuuliza mamangu.

"Aomba kazi, bi mkubwa. Hawamjibu."

"Aomba kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

Mshenga akaweka gilasi chini. "Na ajisifu mwenyewe humo ndani?"

Nikamwambia ndiyo, mwalimu ametwambia tujinadi.

"Hunadiwa mbuzi!" akapiga kelele. "Lo! Mwana wa watu wajipeleka mlangoni mwa watu peke yako, hujatangulizwa, hujasemewa, wafika waanza kujisifu. Ningekuwa mimi pia nisingekujibu. Ndiyo mana wanyamaza. Wadhani una kasoro." Kisha akanisogelea, macho yakimng'aa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu, tangu posa zilipoanza kuadimika. "Hebu ndoo hapa. Nipe aibu yako moja ndogo."

Nilimtazama mamangu aniokoe. Mamangu alikuwa ameshakwenda kupika chai, na nilisikia akicheka jikoni.

Hivyo ndivyo nilivyoposewa kazi. Ofisi ya kwanza ilikuwa mjini, ghorofa ya juu, imejaa vijana wenye vifaa masikioni. Nilimsubiri chini. Aliomba maji akaletewa chupa ya plastiki, haijafunguliwa. Akateremka nayo mkononi. "Hawana gilasi," akaniambia. "Watu wasio na gilasi hawajakusudia kukaa. Tumewakataa." Nikamuuliza kama wao walishatutaka. Akasema hilo halihusu. Ofisi ile mpaka leo ipo, imechukua ghorofa nyingine zaidi, na nasikia bado hawana gilasi.

Ofisi ya pili ilikuwa Kizingo, nyumba kubwa yenye bustani, iliyokodishwa na kampuni inayoandika programu za mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Mkurugenzi wake ni mtu wa bara, Mkristo, mpole, aliyeletwa Mombasa na kazi za bandari akaipenda akabaki. Yaliyotokea siku ile alinihadithia yeye mwenyewe baadaye, akipangusa machozi ya kicheko. Mlinzi alimwona mama mtu mzima wa buibui na bangili za dhahabu anashuka kwenye tuktuk, anapita langoni bila kuuliza, anasimama katikati ya bustani akilikagua paa. Hapo hapo akampigia simu bosi: mama yake mwenye nyumba amekuja. Mkurugenzi hakuwahi kumwona mama huyo, ila alikuwa ameambiwa ni mkali. Alitoka mbio akisahau koti. Akaanza kujieleza kuhusu ufa wa ukutani, kwamba atautengeneza, na kuhusu mti wa maua uliokatwa pembeni ya lango, kwamba haukuwa uamuzi wake.

"Nimeuona," Mshenga akasema. "Mti wa watu mwaukata hivyo?"

"Samahani sana, Mama."

Akamzungusha nyumba nzima. Mshenga alikagua jiko, alikunywa maji, alikagua choo. Kisha akakaa kwenye kiti cha mkurugenzi mwenyewe, akafunua sinia la halua alilokuja nalo, na kusema, "Nimekuja kwa jambo la heri. Mimi nna binti."

Mkurugenzi anasema damu ilimwishia. "Mama," akasema, "mimi nina mke. Yuko nyumbani. Na watoto."

"Mashallah, Mungu akuwekee. Binti wangu ataka kazi ya kompyuta. Sitakuficha, ana aibu moja: akishikwa na njaa huwa mkali kama pilipili. Lakini akishakula, hana neno."

Nadhani nusu ya nafasi ile niliipata kwa sababu yule bwana alifurahi mno kwamba haozwi. Alisema niletwe nifanyiwe mahojiano. Mama halisi wa mwenye nyumba alikuja baada ya miezi, mwanamke mnyenyekevu asiyejali paa wala mti, na mkurugenzi hakuamini kuwa ndiye.

"Chooni mna kopo la maji," Mshenga akaniletea habari. "Wale ni watu."

Siku ya mahojiano alinisindikiza. Mlinzi akamzuia kwa heshima asipande juu, akampa kiti kivulini. Kabla sijaingia alinishika mkono: "Wakikuuliza kazi, jibu. Wakikuuliza wewe, usiwe na pupa."

Wakaniuliza kazi. Waliniwekea programu inayohesabu makontena, na ilikuwa ikilihesabu kontena moja mara mbili kila mwenye mzigo anapobadilisha wakala. Niliitafuta kasoro nikaiona, nikaitengeneza mbele yao, nikaeleza. Kwenye kompyuta ulimi wangu haukwami. Mkurugenzi akaniuliza udhaifu wangu ni nini, nikamwambia habari ya njaa, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaegemea mbele, akakunja mikono, akasema kwa sauti nzuri, ya heshima:

"Basi mimi nimeridhika. Nafasi ni yako. Unakubali?"

Wallahi sikukusudia. Ningekuwa nimefikiri ningesema ndiyo mara kumi. Lakini mwanamume mtu mzima ameketi mbele yangu, wengine pembeni wametulia, ananiuliza neno lile lile, kwa sauti ile ile niliyoisikia katika kila nyumba niliyokulia. Macho yangu yakateremka yenyewe mpaka kwenye zulia. Akaniuliza tena, "Unakubali?" Nikazidi kuinamisha kichwa, na moyoni nilikuwa nacheza chakacha.

"Sawa," akasema baada ya muda, taratibu. "Nimeelewa."

Niliteremka ngazi mbili mbili. "Nimepewa!" nikamwambia Mshenga. "Ameniuliza kama nakubali."

"Nawe?"

"Nimenyamaza."

Alipiga kigelegele katikati ya bustani ya Kizingo kikamwamsha mbwa wa jirani. Nyumbani mamangu alipika biriani. Majirani waliambiwa, Ami akaambiwa akitoe kile kigoda, na binamu yangu akanitumia kanga ya kunipongeza. Sote tulikuwa tumeshiba, vidole vingali na mafuta, simu yangu ilipolia kwa ujumbe. Nikausoma kwa sauti kubwa, kwa maringo, mpaka nilipofika katikati. Mkurugenzi alinishukuru kwa muda wangu. Alisema amefahamu kwamba sikuwa tayari kujiunga nao, na anaheshimu uamuzi wangu. Akanitakia heri niendako.

Mamangu akaanza kukusanya sahani. Hapo ndipo nilipolia, kilio cha kweli, maana mwezi ulikuwa umebakiza siku chache tu kuandama.

Mshenga hakumaliza hata kunawa, akaapa kwamba kukicha tutamfuata. Asubuhi yake tulikuwa Kizingo, na mlinzi hakuthubutu kumwambia kitu. Alimkuta mkurugenzi mezani.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" akaanza, bila salamu, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada. "Mwanangu amekukubali, nawe wamletea maneno ya matanga!"

"Mama, nilimwuliza. Nilimwuliza mara mbili. Hakusema kitu."

"Ndilo jibu lenyewe! Kwani hujui? Binti akinyamaza amekubali."

Mkurugenzi alifikiri. Hakukasirika wala hakucheka. "Mama, mimi sikukulia hapa," akasema. "Kwetu mtu akinyamaza, mara nyingi amekataa, ila anaogopa kukwambia. Siwezi kumchukua mtu kwa sababu amenyamaza. Kesho nikimkuta analia hapa ofisini, nitasema nini? Nitasema si ulinyamaza?"

Nilimgeukia Mshenga nimsikie atakavyomchanachana yule bwana wa watu. Mdomo wake ulikuwa wazi. Hakuna kilichotoka. Nilimjua miaka yote, nilishamsikia akijibizana na madaktari, mashekhe na askari wa barabarani, na siku ile nilimwona anatafuta neno halipati. Akaketi. Halafu akanitazama mimi, si kwa ukali, akasema kwa sauti ndogo:

"Sema."

"Bi Mshenga, mimi..."

"Sema mwenyewe. Wataka, hutaki?"

Nikasema nataka. Sauti ilitoka kama ya mwanakondoo, nikairudia ikatoka vizuri. Nikamwambia yule bwana nimeitaka kazi ile tangu nilipoiona programu yake ya makontena, na kwamba ina makosa mengine matatu ambayo sikuyataja kwa adabu. Mkurugenzi akasimama, akanipa mkono, akasema karibu.

Ndani ya tuktuk nilingoja kigelegele. Mshenga alikuwa anatazama nje, magari ya Kizingo yakipita, ushungi ameushika chini ya kidevu. Nilidhani amenuna kwa kushindwa na mtu wa bara. Nilicheka moyoni, na jioni nikawahadithia wenzangu barazani, tukacheka sote.

Furaha yake ilirudi baada ya siku chache. Siku ya saba ya kazi yangu nilisikia lango linafunguliwa, mlinzi anaamkia, na harufu ya samaki wa kupaka inapanda ngazi. Alikuwa amekuja na masinia, amesindikizwa na mamangu na wanawake wa mtaa, kwa sababu bibi harusi hupelekewa chakula siku ya fungate na yeye hakuona tofauti. Aliwalisha waandishi wa programu mpaka hakuna aliyeweza kufanya kazi mchana ule. Akaniuliza mbele ya watu kama wananitendea wema. Akaigonga meza yangu, akakikalia kiti changu, akaagiza kibadilishwe kwa kuwa kinaumiza mgongo. Kilibadilishwa.

Habari zilitembea. Waliosoma nami Buxton walianza kuja kwake, wavulana na wasichana, wamebeba kompyuta zao, wanamwamkia kwa adabu ambayo mama zao hawakuiona. Mshenga aliyelia kwamba simu imeua kazi yake sasa alikuwa na watu ngazini. Aliwauliza aibu zao ndogo. Alikwenda ofisini mwa watu akanywa maji. Si wote waliopata. Mmoja alipelekwa mahali ambapo hawakutaka mtu wa programu, walitaka fundi wa mabomba, na Mshenga akamsifu kwa mabomba hayo hayo kwa kuwa hakupenda kurudi mikono mitupu. Lakini wengi walipata, na kila aliyepata alionywa: "Ukiulizwa, tamka. Usiniaibishe kama yule."

Jambo moja lilibadilika ambalo sisi vijana tulilichukulia mzaha. Posa za ndoa zilizobaki, chache, alianza kuzifanya kwa namna yake. Kabla binti hajaulizwa mbele ya watu, Mshenga alitaka aachwe naye chumbani, mlango ufungwe, mama mtu akae nje. Baadhi ya posa zilifia humo ndani. Alitoka akasema tu, "Hapana heri hapa," akafunga ushungi akaondoka, na chakula kimeshapikwa. Watu wakaanza kusema amezeeka, mkono umempotea. Nami nilisema hivyo hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama. Siku hizi ngazi zinamshinda, hukaa juu dirishani, na mtaa mzima anausimamia kutoka pale kwa sauti. Nilimkuta anamgombeza muuza mbaazi aliyesimama chini kuhusu ukubwa wa kijiko chake. Tukataniana kama kawaida. Aliniuliza kama nishaolewa na ile kompyuta kabisa au nitampa mtu nafasi. Nikamwambia nasubiri mwenye miguu mikubwa. Akacheka mpaka akashika ubavu.

Kwa kuwa alikuwa na furaha nikamchokoza. "Bi Mshenga," nikasema, "siku ile Kizingo yule bwana alikufunga mdomo. Kubali leo. Alikushinda."

Aliacha kucheka. Akaitazama mikono yake, bangili zimelegea sasa.

"Mimi naliulizwa mara tatu," akasema. "Wazee wamesimama mlangoni, mamangu kando yangu amenishika. Mara zote tatu nalinyamaza, mana sikumtaka. Nalikuwa nikilia. Wakasema hizo ni haya za mwari. Wakapiga vigelegele."

Sikujua hata kama aliwahi kuolewa. Nilitafuta mzaha, maana kati yangu na yeye hakuna neno linalopita bila mzaha, na sikuupata.

"Na baadaye?" nikamuuliza. "Hakuna aliyekuuliza?"

"Nani aulize? Jibu walikuwa nalo."

Nilimhurumia, na nikawakasirikia watu ambao wengi wao wamekufa kabla mimi sijazaliwa. Nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamshika mikono.

"Basi nakuuliza mimi," nikasema. "Wakubali?"

Alinitazama kwanza kama anayetaka kuniuliza ninacheza na nani. Akavuta pumzi.

"Sikubali," akasema. Kisha akainua kichwa, akalirudia kwa sauti ile aliyokuwa akimgombezea muuza mbaazi, ikatoka dirishani ikajaa mtaa mzima. "Sikubali! Simtaki!"

Ng'ambo ya pili dirisha likafunguliwa kwa haraka, na jirani akatoa kichwa, mtandio haujamkaa sawa. "Bi Mshenga! Kuna nini huko?"

"Hapana kitu, mwanangu," akamjibu, akijipangusa macho kwa ncha ya leso. "Nalikuwa nikijibu posa."